Barua kwa mwanangu: usiisaini hiyo karatasi kwa ajili yangu

Mbukwa mwanangu,

Barua ya chuo chenu imenifikia, ile ya kukuita kamati ya nidhamu kwa kupinga nyongeza ya ada, chini wameandika nakala kwa mzazi. Na ile karatasi ya pili nimeiona pia, ya kukiri kwamba ulichochea wenzako na kuahidi hutashiriki mkusanyiko wowote tena mpaka umalize chuo. Tangu juzi simu haipumui, baba yako mkubwa kapiga kutoka Mpwapwa, shangazi kapiga kutoka Singida, kila mtu anasema mwambie mtoto asaini yaishe, mkumbushe unavyohangaika, na najua na wewe wamekupigia hivo hivo. Kwaiyo nakuandikia mwenyewe usije ukayasikia maneno yangu kwenye mdomo wa mtu mwingine. Ukiona kwa akili yako kusaini ndo sawa, saini. Ila usisaini kwa sababu yangu. Mi sijamtuma mtu akwambie ukiri kosa ambalo hujafanya ili mi nipate usingizi, na baba yako anasema vilevile, yeye kuandika tu ndo hapendi.

Kuhusu ada yenyewe mko sahihi, na hapo naongea kama mtu anayelipa. Nimezitoa risiti zako zote tangu mwaka wa kwanza nimezipanga mezani. Zile elfu 20 za TCU, tume ya vyuo vikuu, naelewa, zile 50,400 za bima ya afya naelewa, matumizi yake yanajulikana na ukiumwa unaenda hospitali na kadi. Lakini kuna hela ya mitihani, kuna hela ya maendeleo ambayo hakuna anayesema maendeleo ya nini, kuna hela ya tahadhari ambayo sijawahi kumuona mtu karudishiwa, kuna hela ya mafunzo kwa vitendo na bado ukienda fildi nauli juu yako na chumba juu yako, alafu sasa katikati ya mwaka linabandikwa tangazo la nyongeza, kontro namba mpya, asiyemaliza haingii kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista. Hapa Kibaigwa sokoni kitu cha namna hii tuna jina lake, ni lumbesa. Gunia kisheria ni kilo 100, mnunuzi anakuja anashonea kilemba juu mpaka linafika 120, 130, anakulipa bei ya gunia moja, ukiuliza unaambiwa ndo utaratibu wa soko. Mkulima hajakataa kuuza mahindi, amekataa kilemba. Na nyie hamjakataa kulipa ada, mnauliza hiki kilichoongezwa juu ni cha nini na kimeamuliwa na nani. Mbele ya kamati liseme hilo hilo, kwa namba, na risiti mkononi, usiongeze neno.

Unajua nimefundisha historia mpaka nimestaafu, na watu wengi wanaongea kana kwamba migomo ya wanafunzi imeletwa na simu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar waliandamana kupinga masharti ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, miaka miwili, na kwa miezi 18 kati ya hiyo wanakatwa asilimia 60 ya mshahara. Hoja ya mshahara ilikuwa ya kujadilika kabisa. Lakini kuna walioandika kwenye bango kwamba ukoloni ulikuwa nafuu, miaka mitano tu tangu tupate uhuru! Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20, basi, nani tena angesikiliza habari ya makato yao. Lile bango ndo lililokula hoja yao yote. Wengi walikuja kurudishwa mwaka uliofuata, hilo huwa halisemwi na wanaotisha watoto. Mwaka 1978 wakaandamana tena, safari hii kupinga nyongeza za wabunge na mawaziri, mamia wakafukuzwa, na ukiniuliza mimi hao walikuwa na haki kuliko wale wa kwanza. Mei 1990 Mlimani, chuo kile kile cha Dar, pakafungwa mpaka mwaka ukageuka. Novemba 2008 vikafungwa vyuo vya umma kadhaa kwa mgomo wa mikopo. Hii kitu ni ya siku nyingi mwanangu, hukuianzisha wewe.

Baba yako mkubwa hoja yake ni moja, ukikaa kimya hakuna atakayekugusa. Namheshimu, ni mkubwa wangu, lakini mi nipo hapa hapa barabarani na nimeona. Mei 2016 wale watoto wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, zaidi ya 7,000, hawakuandamana, hawakurusha jiwe, hawakuandika bango. Walikuwa wanasubiri walimu waliokuwa wamesimama kufundisha kwa mambo yao ya malipo. Wakaambiwa ndani ya saa 24 wawe wameondoka. Stendi ya Dodoma ilijaa mabegi na magodoro, mabinti wadogo wa kidato cha nne hawajui walale wapi, nauli hawana, na baada ya wiki chache wakaitwa vilaza hadharani. Wengine walikuja kuhamishiwa vyuo vya ualimu, wengine wakaambiwa hawana sifa kabisa, japo barua za kuwapokea walipewa wenyewe wala hawakuziiba. Hao walikuwa kimya mwanangu. Walikuwa kimya kabisa na bado walifunga mabegi, kwaiyo mtu asikwambie kimya ni bima.

Na bado naogopa, nisikufiche. Februari 16, 2018 yule binti wa NIT, chuo cha usafirishaji, Akwilina Akwilini, alikuwa amekaa ndani ya daladala Kinondoni, hana habari na siasa za mtu, polisi wanatawanya maandamano ya chama, risasi ikamkuta humo humo. Nikisikia FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wameonekana geti la chuo chenu huyo binti ndo anakuja kichwani, sio wewe kwanza, yeye, na mama yake. Ndo maana kuna vitu nakuomba kabisa. Msitoke nje ya geti bila barua ya taarifa polisi, sheria inataka saa 48 kabla, pelekeni, wakikataa kuipokea andikeni tarehe na saa mliyoipeleka. Mambo ya kukimbizana usiku bwenini hapana. Kwenye grupu la WhatsApp usimtukane mtu kwa jina, na usitume namba ambayo hujaiona kwenye karatasi, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ipo na haijali kwamba ulikuwa umekasirika. Na moto hapana. Afrika Kusini 2015 chuo cha Wits walitaka kupandisha asilimia 10.5, wanafunzi wakatoka nchi nzima, wakaenda mpaka bungeni Cape Town, na Oktoba 23 rais wao Zuma akatangaza nyongeza ya mwaka 2016 ni asilimia sifuri. Sifuri! Mwaka unaofuata mgogoro ukarudi, maktaba ya sheria kule Durban ikachomwa, na watu waliokuwa upande wao wakaanza kusema hawa watoto sasa basi. Mwisho wa 2017 ndo serikali ikakubali kusomesha bure watoto wa familia za chini, kwaiyo walipata, ila zile kurasa zilizoungua hazikumsaidia mtu hata mmoja kupata.

Kuna kisa kingine napenda zaidi, cha Quebec kule Kanada, 2012. Ada ilikuwa ipande kwa dola 1,625 ndani ya miaka mitano, wanafunzi wakagoma miezi, serikali ikatunga sheria ya haraka kwamba mkusanyiko wa watu 50 au zaidi lazima polisi waambiwe masaa 8 kabla na njia watakayopita. Sasa hapo ndo wazazi wakatoka. Jioni watu wazima, mabibi, wenye watoto mgongoni, wanasimama mlangoni na kwenye baraza wanagonga masufuria. Ikafika uchaguzi Septemba serikali ile ikaanguka na nyongeza ikafutwa. Nimelifikiria sana hili kwa sababu chuo chenu kwenye barua wameandika "mzazi wako atajulishwa" kama vile mimi ni fimbo wanayoiazima. Haya, nimejulishwa. Nimewatafuta wazazi wenzangu, wa yule kijana wa Bahi, wa yule wa Manyoni, na mama wa Kondoa ambaye mwanaye yuko darasa moja na wewe, tumefungua grupu letu na tumeandika barua kwa Baraza la chuo, sio kwa Mshauri wa Wanafunzi, kwa Baraza kabisa. Tumeuliza mambo mawili tu, nyongeza ilipitishwa kikao gani, na kwa nini inaanza katikati ya mwaka wakati mkulima anavuna mara moja. Mahindi mwaka huu bei unaijua. Kila mzazi amesaini kwa jina lake na namba yake ya simu, na wengine wameweka dole gumba, na hakuna aliyelazimishwa.

Yule mwenzako wa chumbani aliyesaini, tafadhali usimnunie. Yeye anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo asilimia mia, akisimamishwa bumu, hela yake ya kujikimu, linakata siku hiyo hiyo na kwao hakuna wa kumtumia hata hela ya unga, na deni la Bodi litamsubiri pale pale, akipata kazi anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Amepiga hesabu zake. Wewe una sisi, una pa kurudi, ndo maana wewe unaweza kukataa na yeye hawezi, na ukikataa unakataa kwa niaba yake pia. Mpelekee notsi, kula naye, na jina lake lisitoke mdomoni mwako kwenye kamati hata wakikubana.

Sasa kuhusu hiyo Alhamisi ya kamati. Omba tuhuma kwa maandishi, kifungu gani cha kanuni za wanafunzi umevunja, siku gani, wapi. Wakisema wanakuuliza tu maneno mawili matatu, waambie utajibu kwa maandishi. Katiba yetu ibara ya 13, ndogo ya 6, inasema mtu akiwa anaamuliwa haki zake na mahakama au chombo kingine chochote ana haki ya kusikilizwa kikamilifu na ana haki ya kukata rufaa, na kamati ya nidhamu ni chombo. Ibara ya 18 ni ya kutoa maoni, ya 20 ni ya kukutana na wengine. Usizisome kwa kelele kama uko jukwaani, ziandike kwenye utetezi wako wabaki nazo kwenye faili. Mwombe kiongozi wa serikali ya wanafunzi akae na wewe. Kila karatasi unayopewa piga picha kabla hujaigusa kalamu. Na vipindi usikose hata kimoja wiki hii, testi ifanye, kazi za darasani zikusanye, kuna watu wanasubiri udisko, ufeli masomo uondolewe chuo, wenyewe ili wasilazimike kukufukuza, usiwape hiyo nafasi.

Wakikusimamisha utarudi nyumbani, chumba chako kipo, tutakata rufaa, na mwaka ukipotea umepotea, nimefundisha watu waliorudi shule wana watoto na wakamaliza. Hilo neno la kwamba umeniangusha shangazi yako amelitoa kwake, mi sijalisema wala silo.

Nakuja. Wazazi wawili tunakuja, mimi na baba yake yule wa Bahi, tunapanda basi Jumatano na tutakaa nje ya mlango wakikataa tusiingie. Nakuletea na karanga. Risiti ya semista ya kwanza ya mwaka jana ndo siioni kwenye bahasha, itafute kwenye simu yako unitumie pidiefu leo hii, maana kesho asubuhi napita steshenari kutoa kopi za zote, na yule kijana akishafunga kwenda sokoni harudi mpaka jioni.

Mama yako
Kibaigwa