Vitoto vya paka visitupwe sokoni

Mhariri naomba nafasi kidogo. Hapa Mbeya kuna watu paka wao akizaa wanasubiri tu vitoto vifumbue macho, vinatiwa kwenye boksi la sabuni usiku vinaachwa soko la Mwanjelwa, eti wauza mchele watavichukua kwa ajili ya panya. Watavichukua kweli, ila sio vya wiki tatu jamani, tena na hii baridi ya mwezi wa saba! Kitoto kikae na mama yake angalau wiki 8, hapo kinakula chenyewe. Na maziwa ya ng'ombe msivipe, vinaharisha.

Mimi nawauliza mapema wenye stoo za mahindi Uyole kama wanataka paka, na anayekuja kuchukua namhoji mpaka anakasirika, una mbwa mkali? panya unawawekea sumu? maana paka akila panya mwenye sumu na yeye anakwenda. Akijibu ovyo simpi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi 3, muulizeni daktari wa mifugo, na huyo paka mama mumfunge kizazi kabisa, mimba ya paka ni miezi miwili tu.

Msomaji wako, Soweto, Mbeya