Usisubiri aanze yeye

Mpendwa rafiki yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Tangu uliponipigia simu wiki iliyopita sijatulia. Ulipofika kwenye habari za dada yako sauti ilikukauka kabisa, ukasema, "Mimi nilishamsamehe, ila aje kwanza aniombe radhi." Maneno hayo nayajua. Niliyasema miaka sita juu ya kaka yangu.

Unaukumbuka ugomvi wetu wa kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani, baada ya kumzika mzee. Mimi nilidai kaka kasogeza masale, ile mimea ya mpakani, kanimegea hatua mbili za migomba. Yeye akadai nimemchongea kwa wajomba. Kila Desemba tunapanda Marangu, tunasali usharika mmoja, yeye benchi za kulia, mimi kushoto. Nilikuwa nashiriki Meza ya Bwana, kisha natokea mlango wa pembeni nisikutane naye.

Kilichonivunja ni Mathayo 5. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini siku hiyo ndipo nikaona vizuri kilichoandikwa: "ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako." Yeye ndiye mwenye neno, juu yangu! Na mimi miaka yote nilikuwa nahesabu neno langu juu yake. Hapo Yesu anasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Tena alikuwa akisema na watu Galilaya, na madhabahu iko Yerusalemu. Kuiacha sadaka pale na kurudi nyumbani kupatana ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Alijua anaagiza jambo zito.

Basi tarehe 27 Desemba asubuhi nikakata jani la isale palepale mpakani. Kwetu Wachagga, mtu akikujia na isale kuomba msamaha, humfukuzi. Wako wanaosema hiyo ni mila, haimhusu Mkristo. Mimi sioni hivyo. Wazee wetu waliijua toba kabla hawajajua kusoma. Nilimkuta anakatia ng'ombe majani. Habari ya mpaka sikuigusa. Nikasema, "Kaka, nimekukosea. Nilikusema vibaya kwa wajomba." Akalitazama lile jani. Akafuta mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja, taratibu, ndipo akalipokea. Hakusema kitu. Akaita ndani waongeze sahani.

Zile hatua mbili sikuzipata, na sizidai. Nakuambia hili usije ukaenda kwa dada yako ukitazamia kurudishiwa fedha za matibabu ya mama. Hata Esau na Yakobo walikumbatiana wakalia, kisha mmoja akarudi Seiri, mwingine akaenda Sukothi. Walipatana, na kila mtu akakaa kwake.

Nenda mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu, usimtangulize mchungaji, na zile risiti ziache nyumbani. Ungama lile lako tu. Lipo, ulinisimulia mwenyewe ulivyomjibu mbele ya watu siku ya matanga. Akikufungia mlango, Paulo aliandika, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wako utakuwa umeutimiza, na mimi nitakuwa nasubiri simu yako, iwe usiku wa manane.

Kama nauli ni tatizo, niambie bila aibu. Jumamosi nitafunga kwa ajili yenu wawili. Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi, ndugu yako katika Kristo.