Mlimwacha mama mdogo wangu ndani ya handaki

Kwa Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ingawa lile jibu lenu la "pole kwa usumbufu" lilinitia hasira kuliko safari yenyewe. Nataka hela ya safari ya baiskeli ya Sanremo, Italia, ya watu wawili, irudi. Masharti yenu mnayajua, mmeyaandika wenyewe nyuma ya risiti mliyonipa hapo ofisini kwenu Dar.

Nianze na handaki maana ndilo linaloniuma. Capo Nero, kati ya Sanremo na Ospedaletti, karibu kilomita moja na robo tatu. Tuko humo ndani tairi la nyuma la mama mdogo likapata pancha. Mwongozaji wenu akarudi, akainama, akaangalia, tyubu hana, pampu hana, akasimama akasema mbele ya kundi zima, "Kwenu si mmezoea kutembea kwa miguu?" Kuna waliocheka. Akapiga kengele, kundi likamfuata, tukabaki.

Sasa mniambie, lile gari la kufuata nyuma lililoandikwa kwenye tangazo lilikuwa wapi? Na baiskeli ya betri? Asubuhi pale San Lorenzo al Mare ya mama mdogo ilikuwa inawaka taa moja tu, nikasema, naambiwa eti njia ni tambarare haina shida. Najua ni tambarare, ilikuwa reli mpaka 2001, kilomita 24 pembeni ya bahari, ndo maana nikaichagua kwa mtu wa umri wake! Lakini baiskeli ya betri isiyo na betri ni mzigo, mtu anakanyaga pedeli mpaka magoti yanatetemeka. Bussana Vecchia, ule mji ulioangushwa na tetemeko la 1887 ambao mama mdogo aliusubiri kwa hamu, tulionyeshwa kwa kidole tu, "uko kule juu". Muda hakuna. Ila muda wa kuwapandisha vijana kile kilima cha Poggio wakapige picha pale wanapopita wa mbio za baiskeli za Milano-Sanremo ulikuwepo, sisi tumekalishwa chini juani tunawasubiri. Mbio nazipenda hata mimi, ila sikulipia hizo.

Na lile la handakini nalirudia, msije mkaniambia alikuwa anatania. Alisema kwa Kiingereza, polepole kabisa, huku anamtazama mama mdogo usoni: kwenu si mmezoea kutembea kwa miguu? Mama wa watu wala hakujibu, akajifuta grisi kwenye kanga aliyojifunga kiunoni akaniambia "twende mwanangu, usigombane na mtu ugenini". Tukaisukuma ile baiskeli, rimu inagonga chini hatua kwa hatua, baridi ya humo ndani imetukuta na jasho la juani, kila baiskeli inayokuja nyuma inatupigia kengele tupishe. Ukutani wameandika historia ya mbio tangu 1907, nimeisoma karibu yote kwa mwendo ule. Tunatokea Ospedaletti tunamkuta mwongozaji wenu anakula aiskrimu. "Mmechelewa," ndo neno lake. Gari la kurudi limeshaondoka, teksi nimelipa mwenyewe.

Kwenye simu niliwaambia hata nusu mnirudishie tuyamalize. Hiyo ilikuwa kabla ya "pole kwa usumbufu". Sasa nataka hela yote, na ya teksi, na wewe meneja mwenyewe umpigie simu mama mdogo umuombe radhi kwa sauti yako, si kwa ujumbe wa WhatsApp wa kukopi. Na yule mwongozaji msimpe tena wateja wa kwetu. Ikifika Ijumaa kimya, napeleka risiti na picha za lile tairi Tume ya Ushindani, na tangazo lenu nitaliweka kila grupu nililomo, neno kwa neno, na chini yake naandika tulichopata. Nina magrupu mengi.

Namba niliyolipia mnayo. Rudisheni huko huko.

Mteja wenu wa zamani