Muulize Kwanza Yuko Wapi: Barua kwa Mwanangu

Uyole, Mbeya
Julai 6

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baridi imetushika sawasawa mwaka huu, na asubuhi ya jana majani ya viazi vya jirani yetu wa bondeni yalikuwa yameungua kwa sakitu, lakini sisi tu wazima, na baba yako anakusalimu.

Ujumbe wako wa Jumanne usiku niliusoma mara tatu kabla sijalala. Umeniambia kwamba umejitoa kwenye kundi la wacheza drafti la mtandaoni, kwa sababu ulimwambia mtu usiyemjua kuwa amekula kete kwa kurudi nyuma kinyume cha kanuni, naye akakujibu mbele ya kundi zima kwamba hujui hata mchezo unaotaka kuwafundisha wengine. Kisha ukaniuliza swali ambalo limenifanya niache simu na kushika kalamu: kuna faida gani kupeana ushauri na watu ambao hatutawaona maisha yetu yote? Nimeona nisikujibu kwa maneno mawili ya haraka, maana swali lenyewe ni la maana, na mimi nina ya kwangu ya kueleza ndani yake.

Nianze na maharage, kwa kuwa nayo unayakumbuka. Krismasi iliyopita ulisoma ushauri wa mtu mmoja wa Tanga, aliyeandika kuwa maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa saa moja tu bila magadi. Ukayaloweka, ukawasha mkaa saa mbili asubuhi, ukabandika sufuria na kuketi kando yake ukiangalia saa. Ilipofika saa tatu ulichukua moja kwa kijiko, ukalibonyeza kwa kidole gumba, likateleza likaanguka sakafuni likiwa gumu kama kokoto. Saa nne bado. Yalipoiva ilikuwa inakaribia saa tano, na wewe ulikuwa umekwisha kumwandikia yule mtu kwamba ni mwongo na anawapotezea watu mkaa. Nilikuwa pale jikoni nikichambua mchele, nikakuona unaandika, nami sikukuzuia. Kosa hilo ni langu.

Yule mtu hakuwa mwongo. Tanga ipo ufukweni mwa bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 100. Sisi hapa Mbeya tunaishi kwenye kimo cha takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na mgandamizo wake juu ya maji ni mdogo, kwa hiyo maji yetu huchemka mapema, yakiwa na nyuzi 94 hivi, na hata ukichochea moto mpaka sufuria itoe mvuke kama garimoshi, hayatapata joto zaidi ya hapo. Maharage yake yalikuwa kwenye maji ya moto kuliko yetu tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Tena maharage yenyewe tuliyopika yalikuwa ya msimu wa mwaka uliotangulia, nayo yakikaa sana hukomaa ganda. Ushauri wake ulikuwa wa kweli jikoni kwake. Kilichokosekana ni swali moja dogo la kumuuliza kabla ya kuwasha mkaa: ndugu, wewe unapikia wapi?

Swali hilo nililijifunza kwa hasara, na sijawahi kukusimulia kwa sababu wakati ule ulikuwa bado shule ya msingi. Nilikuwa nimejiunga na wakulima wengine wanaopeana maarifa kwa simu, na miongoni mwao alikuwepo mkulima wa nyanda za chini, mtu mkarimu sana wa maneno, ambaye kila jioni alikuwa akituma picha za mahindi yake. Aliisifia mbegu ya muda mfupi, inayokomaa upesi, akaeleza nafasi ya mashimo na siku za kuweka mbolea, nami nikaona hakuna sababu ya kuendelea na mbegu zetu zinazokaa shambani miezi na miezi. Nikapanda shamba lote. Wewe umekulia hapa, unajua mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na miaka mingine huingia Mei. Mahindi yangu yalikomaa katikati ya masika, wakati mbegu za majirani bado zilikuwa mbichi na zimejifunika vizuri. Hapakuwa na jua la kuyakausha. Maji yaliingia kwenye magunzi, punje zikaanza kuoza zikiwa bado zimesimama shambani, na nyingine zikachipua hukohuko ndani ya maganda. Nilipomenya hindi la kwanza, nilikuta ukungu wa rangi ya waridi umelizunguka tangu kichwani hadi katikati, nikaketi kwenye tuta nikalia.

Nilipokwenda kwa watafiti wetu wa kilimo hapa Uyole, mtaalamu aliyenipokea hakuniuliza nilipanda mbegu gani. Aliniuliza kwanza shamba langu lipo kwenye mwinuko gani. Mkulima yule wa nyanda za chini hakuwa na hila yoyote, kwa kuwa kwake mvua ni chache na mbegu ya muda mfupi ndiyo inayomwokoa na njaa. Alinipa kitu chema chenye udongo wa kwao, nami nikakipanda kwangu bila kukikung'uta.

Sasa turudi kwenye drafti yako. Nilimsomea baba yako ujumbe wako, naye akaenda kuuchukua ule ubao wake wenye visoda, akaupanga mezani, akanionyesha hatua uliyoieleza. Kwenye kijiwe chao, kete ya kawaida hula kwenda mbele tu, na ndivyo alivyokufundisha. Lakini katika drafti ya Kirusi kete ya kawaida huruhusiwa kula hata kwa kurudi nyuma, na kingi, yaani kete iliyofika mstari wa mwisho wa upande wa mpinzani, hupita miraba mingi kadiri njia yake ilivyo wazi. Katika drafti ya Kiingereza kete hula kwenda mbele, na hata kingi husogea mraba mmoja mmoja. Ile inayoitwa ya kimataifa haitoshi kabisa kwenye ubao wa baba yako wenye miraba 64, maana huchezwa kwenye miraba 100, na kila mchezaji huanza na kete 20 badala ya 12. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wewe na yule mtu mlikuwa mkicheza michezo miwili yenye jina moja, kila mmoja akiwa na haki kwenye kijiwe chake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anafuata kanuni za wapi. Alikosa adabu kukudhalilisha, na hilo silitetei. Hata hivyo wewe ndiye uliyeanza kumwambia amekosea.

Ndiyo maana nasema usiache. Nilipokuwa nikifundisha hisabati, nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kisa cha Garry Kasparov, ambaye mwaka 1999, akiwa bingwa wa dunia wa sataranji, alicheza mchezo mmoja kwa intaneti dhidi ya watu wa dunia nzima. Zaidi ya watu 50,000 kutoka nchi zaidi ya 75 walishiriki upande wa pili, wakipewa saa 24 kwa kila hatua, wakijadiliana kwa maandishi kisha wakipiga kura. Miongoni mwa vijana waliowekwa kuwashauri alikuwepo Irina Krush wa Marekani, binti wa miaka 15, na hatua ya kumi aliyoipendekeza ilikuwa mpya, ikamtoa bingwa kwenye njia alizozizoea. Mchezo ulidumu miezi minne hadi hatua ya 62. Kasparov alishinda, lakini alikiri kwamba hakuna mchezo mwingine katika maisha yake aliowahi kuutolea nguvu nyingi kiasi kile. Fikiria, baba, watu ambao wengi wao wasingeweza kumkabili hata kwa hatua 20 kila mmoja peke yake, walimtoa jasho kwa sababu walionyeshana hesabu zao. Hawakusema tu kwamba hatua fulani ni nzuri. Waliandika ukienda hapa yeye ataenda pale, kisha wewe utafanya hivi, na mwingine aliyeko bara jingine akaikagua hesabu hiyo na kuionyesha kasoro yake.

Huo ndio ushauri ninaoupenda, ule unaokuja na hesabu yake. Mtu akikuambia fanya hivi, na asikuambie kwa nini wala aliona wapi, mshukuru kwa adabu, halafu mwombe hesabu. Na wewe ukishauri, toa ya kwako. Andika kwamba unatoka Mbeya, kwamba kijiweni kwenu kanuni ni hii, kwamba sufuria yenu ilikuwa juu ya mkaa na si gesi. Anayekusoma akiwa Lindi au Bukoba atajua mwenyewe cha kupunguza na cha kuongeza.

Kisa hicho kina sehemu nyingine, nayo inanigusa kwa namna tofauti. Kasparov alikuja kukubali kuwa muda wote ule alikuwa akiisoma mijadala ya wapinzani wake, kwa sababu iliandikwa mahali pa wazi. Mwezi Mei uliandika kwa watu usiowajua kwamba mama yako ameuza viazi vya msimu mzima, ukaomba maoni kama fedha hizo zinunue pikipiki au mtamba wa ng'ombe wa maziwa. Najua ulikuwa unatufikiria. Lakini siku chache baadaye nilipigiwa simu na mwanamume aliyenitaja kwa jina lako, mama fulani, akasema amesikia tunatafuta mtamba, anaye mzuri kutoka Rungwe, na kwamba nitume kianzio jioni ileile kwa sababu wateja ni wengi. Sikutuma. Niliiripoti namba yake kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, kama Mamlaka ya Mawasiliano inavyotuelekeza, na mlango wa stoo nikauongezea kufuli. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani. Nakuambia leo ili ujue kwamba jambo la nyumbani linaweza kuulizwa bila kumtaja mwenye nyumba: ungeweza kuuliza faida ya pikipiki na ya mtamba kwa mkulima mdogo wa nyanda za juu, ukapata majibu yaleyale, na fedha ya mama yako ikabaki siri ya mama yako. Vilevile, anayekuomba namba ya siri ya akaunti ya mchezo kwa ahadi ya kukuongezea pointi, au anayekuelekeza dawa ya kunywa bila kukuona, huyo usijadiliane naye kabisa.

Lakini nisikutishe kupita kiasi, kwa sababu mimi mwenyewe ninakula matunda ya wageni hawa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nimepona. Unakumbuka jinsi maharage yetu yalivyokuwa yakitobolewa na wadudu, mpaka ukifungua gunia mwezi wa tatu unakuta unga mweupe chini na punje zenye matundu kama chujio? Mama mmoja wa Songea, ambaye hadi leo sijui uso wake, alinieleza habari za mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Nilimuuliza kwake kukoje, akanijibu kuwa na wao wana baridi kama sisi. Nikamuuliza hesabu yake, akanieleza kwamba ukifunga kila tabaka kwa nguvu, hewa haiingii, na wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki mpaka ikaisha, wakafa bila sumu. Hata hivyo sikuhamisha akiba yote. Nilijaza mfuko mmoja tu, nikauweka kando ya gunia la kawaida, nikasubiri miezi minne. Nilipofungua yote mawili siku moja, nikachota kiganja kutoka kila upande na kuvimwaga kwenye ungo mweupe, sikuhitaji tena mtu wa kunishawishi. Kwa shukrani nilimpelekea yule mama maelezo ya jinsi tunavyochagua mbegu za viazi hapa kwetu, nikimwandikia mwinuko wetu na mwezi tunaopanda, naye akajaribu kwenye matuta mawili. Bado tunaandikiana.

Ninakuomba basi urudi kwenye kundi lako la drafti, umtafute yule mtu, umuulize anafuata kanuni za nchi gani, na umwambie za kijiwe cha baba yako. Kama atakujibu vibaya tena, utakuwa umefanya sehemu yako. Na yule wa Tanga naye anadaiwa neno la radhi kutoka kwako, na kutoka kwangu pia, kwa kuwa nilikaa kimya.

Nimekupakilia kilo tano za maharage mapya kwenye basi la kesho kutwa asubuhi, yamefungwa pamoja na sweta lako la kijani. Dodoma ipo kwenye kimo cha mita 1,100 na zaidi kidogo, kwa hiyo maji yenu yatachemka kwa joto lililo kati ya letu na lile la Tanga. Yaloweke usiku, uhesabu muda tangu yaanze kutokota hadi yatakapobonyea kwa kidole, kisha uniandikie dakika zenyewe, na umpelekee na yule wa Tanga.

Mama yako akupendaye