Usimtoe Othello kizimbani

Temeke, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwalimu,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, ila mvua zimetufungia ndani. Mama anakusalimu, na anauliza lini utakuja umalizie yale mambo ya majirani zenu uliyomwachia nusu.

Barua yako nimeipata. Nimependa wanafunzi wako waendeshe kesi ya Othello, yule jenerali wa tamthilia ya Shakespeare, badala ya kuandika insha, lakini orodha yako ya washtakiwa imenikera. Umemweka Iago, mshika bendera wake mchochezi, wa kwanza, Emilia, mkewe Iago na mtumishi wa Desdemona, wa pili, Cassio, luteni wa Othello, wa tatu, Desdemona, mke wa Othello, wa nne (eti kwa kumdanganya baba yake!), halafu Othello umempeleka upande wa mashahidi kwa kuwa naye ni mhanga. Mwanamume aliyemziba mkewe pumzi kitandani awe shahidi? Mimi ni karani tu wa mahakama, fasihi nakuachia wewe, lakini jalada la namna hiyo ningelirudisha lilikotoka.

Tuanze naye basi, tujifanye hakujichoma kisu mwishoni. Wakili wake atasema alighadhabishwa. Utetezi huo hata kwetu upo, na ukikubaliwa unashusha mauaji yakawa kuua bila kukusudia. Sharti ni kwamba hasira iwe ya papo hapo, mtu atende kabla damu haijapoa. Sasa fungua kitabu. Katika sehemu ya tatu anamwagiza Iago amletee habari za kifo cha Cassio ndani ya siku tatu, na yeye mwenyewe anakwenda kutafuta njia ya haraka ya kummaliza mkewe. Baadaye anaomba sumu. Iago anamwambia aachane na sumu, amnyonge kwenye kitanda kile kile, naye anajibu kwamba haki ya namna hiyo inampendeza. Inapofika usiku anamwamuru Desdemona akalale na amwondoe Emilia. Anaingia na taa, anambusu akiwa usingizini, anahutubia peke yake kuhusu kuzima taa na kuzima uhai. Anamuuliza kama amesali. Desdemona anaomba auawe kesho, ananyimwa. Anaomba nusu saa, ananyimwa. Anaomba muda wa sala moja tu, anaambiwa amechelewa. Hasira ya ghafla iko wapi hapo?

Na uchunguzi wake wa ule uzushi wa Iago, kwamba mkewe anazini na Cassio, ndio unaonichefua zaidi. Anamhoji Emilia, Emilia anasema yuko tayari kuweka roho yake rehani kwamba bibi yake ni mwaminifu; Othello anaona huyo ni mjanja tu, hamwamini. Cassio mtuhumiwa haulizwi kitu. Othello anajificha pembeni amtazame akicheka na Iago, anadhani anayechekwa ni Desdemona kumbe wanamsema Bianca, hawara wa Cassio. Lile swali la leso, zawadi aliyompa mkewe ikaja kuonekana kwa Cassio, kwamba Cassio aliipataje, analiuliza mke keshakufa. Na jibu linakuja palepale: aliiokota chumbani mwake, na Iago amekiri kuiacha humo kwa makusudi. Kesi nzima ingeisha kwa swali hilo moja, tena kwa mtu waliyekuwa wote kisiwani Kupro, anayemwona kila siku.

Najua kinachokufanya umhurumie. Mtu mweusi peke yake katikati ya watu wa Venice, wanaompa jeshi lao akawapiganie lakini mmoja wao akisikia ameoa binti yake anasema amemroga. Hayo ni mazito na wanafunzi wayaseme, tena kwa sauti. Lakini yaletwe wakati wa kuomba nafuu ya adhabu, mtu akishatiwa hatiani.

Iago simtetei. Kwa Kanuni ya Adhabu, anayeshauri na kusaidia kosa anahesabiwa pamoja na aliyelitenda, kwa hiyo wasimame bega kwa bega. Na ana yake mengine: Roderigo, aliyekuwa akimtumia, amemuua, Cassio amemjeruhi mguu, Emilia amemchoma mbele ya watu. Ninachokataa ni kumbebesha mzigo wa mwenzake. Wanaume wanaoua wake zao, nimewasikia mahakamani, wana sentensi yao: shetani alinipitia. Othello naye, Iago anapoletwa chini ya ulinzi, anatazama miguu yake aone kama ina kwato. Usiwaruhusu vijana wako waishie hapo.

Emilia ndiye aliyeninyima usingizi, shoga. Unajua Shakespeare kisa hiki alikitoa kwa Mwitaliano, Giraldi Cinthio, kilichochapwa 1565. Mle mshika bendera anaiiba leso mwenyewe, wakati bibi amempakata mtoto wake. Mkewe anaijua njama yote lakini anaufyata kwa kumwogopa mumewe. Shakespeare akageuza: leso akaidondosha mbele ya Emilia, akamwacha aiokote, na habari za njama akamnyima. Kwa hiyo wa Shakespeare hajui kinachopangwa, ila mkono wake umo.

Kuiokota silioni kosa kubwa. Mumewe alikuwa akimsumbua muda mrefu amwibie, na yeye alitaka kwanza kumpatia nakala ya ule mshono. Iago anamnyang'anya, Emilia anamwambia kama haina kazi ya maana airudishe, maana maskini bibi atapata wazimu akiikosa. Thamani yake anaijua, basi. Halafu Desdemona anamuuliza: ile leso nimeipotezea wapi, Emilia? Anajibu: sijui, bibi.

Hapo ndipo pa kumbana. Anasimama palepale Othello akiidai leso mara baada ya mara, anaona uso wa yule mtu, na baada ya Othello kutoka anachosema ni kwamba wanaume ni matumbo na wanawake chakula chao. Usiku wa mwisho wako wawili tu, anamvua bibi yake nguo za siku, wanaongea juu ya waume na wake wasio waaminifu, na bado leso haitajwi. Nimejiuliza kwa nini. Sidhani ni uoga mtupu. Nadhani aliona kusema ni kumfedhehesha mumewe, na nyumba yake ilisimama juu ya kutomfedhehesha. Wewe na mimi tunawajua wanawake hao kwa majina.

Ila ushiriki katika mauaji hautathibitika, kwa sababu huwezi kumsaidia mtu kutenda usichojua anakitenda. Mweke awe shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, na wakili wa utetezi amkamue kwa ile "sijui, bibi" mpaka jasho limtoke. Kisha ajibu kwa yale aliyoyafanya mwishoni. Othello ana silaha, Iago anamwamuru arudi nyumbani, naye anawaambia wakubwa waliopo kwamba ni haki amtii mumewe, lakini si sasa, na huenda nyumbani asirudi tena. Anataja leso. Mumewe anamuua hapo hapo. Katika mchezo mzima hakuna mwingine anayesema kweli akijua bei yake.

Cassio mfute. Alijua kichwa chake hakiwezi pombe akanywa, akapigana akiwa zamu, akapoteza cheo. Adhabu yake aliipata siku ileile. Kama pombe yake isingekuwepo Iago angetafuta mlango mwingine. Desdemona naye mfute, na huyo kijana aliyesema aliyemdanganya baba yake angemdanganya na mume, mwambie hayo ni maneno ya Brabantio, baba mwenyewe, na Iago aliyadaka akayatumia kama alivyotaka. Ni kweli alisema leso haijapotea wakati imepotea. Aliulizwa kwa vitisho, akajibu kama anayetishwa. Na pumzi za mwisho alizitumia kusema hakuna aliyemuua, ni yeye mwenyewe. Ukimweka kizimbani utakuwa umeyachukua maneno hayo kama ungamo.

Badala yao nataka uniletee Lodovico, ambaye hukumtaja kabisa. Anafika na barua kutoka Venice, anaona kwa macho yake jenerali akimpiga mkewe kofi hadharani. Anashangaa, anasema Venice hawatayaamini hayo, anaomba mama wa watu aitwe atulizwe. Kisha wanakula pamoja chakula cha jioni, anamshukuru Desdemona kwa heshima zote, anamtakia usiku mwema, anaondoka. Ndugu wa Desdemona huyo, mjumbe wa serikali, mwenye barua ya kumwondoa Othello madarakani! Sheria haina la kumshtaki, lakini wanafunzi wamhoji: ulipotoka pale mezani, ulidhani yule mwanamke anakwenda kulala na nani?

Tatizo la mwisho ni Iago, maana ameapa hatasema neno tena. Haki ya kunyamaza anayo, hakimu asimlazimishe. Mpe nafasi hiyo kijana mnenaji kuliko wote darasani, aone ilivyo kazi kukaa kizimbani huku watu wanakusema.

Hati ya mashtaka mkishaiandika nitumie niipitie, hasa tarehe na majina, maana kesi nyingi hufia hapo. Ruhusa nikiipata nitakuja kusikiliza, ila uhakimu usinipe. Hukumu yangu umeshaisoma.

Wasalimie nyumbani, na watoto.

Shoga yako wa Temeke