Kozi mbili zangu zilizomhamishia jirani maji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni fundi mwashi, niko Kigogo, Dar es Salaam, mwaka wa 26 huu, na nyumba nyingi za mtaa wetu zinazoteremkia Mto Msimbazi mwiko wangu umezipitia. Kwa hiyo sehemu ya haya ninayoyaandika ni maungamo.

Mwaka juzi, masika yakikaribia, aliniita mama mmoja muuza maandazi. Kila mvua kubwa ikinyesha, maji kwake yanafika usawa wa godoro. Akataka sakafu ipande. Tukapandisha kozi mbili, yaani mistari miwili ya tofali, futi moja na nusu, tukashindilia kifusi tripu tano za Canter, tukamwaga jamvi la zege. Kifusi kilichobaki nikakisambaza kichochoroni, apate pa kuoshea vyombo bila kukanyaga tope. Tangu siku hiyo kila anayeingia kwake anainama mlangoni, lakini mvua zilipokuja mama alikuwa mkavu, akanifuata na maandazi mpaka nilipokuwa najenga.

Siku ya pili yake, mzee wa nyumba ya nyuma alinikuta kwa muuza kahawa. Kwake maji yaliwahi kuingia mara moja tu, Desemba 2011, ile mvua iliyoua watu wasiopungua 40 jijini. Suruali kaikunja magotini, miguu yote tope. Akaniambia, "Fundi, maji yako yamefika." Kisha akaagiza kahawa. Afadhali angenitukana. Kile kichochoro ndicho kilikuwa njia ya maji, na niliyeiziba ni mimi, kwa hela.

Najua jibu la haraka: mabondeni hapajengwi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na bonde hili lilihesabiwa kuwa ardhi hatarishi tangu mpango wa jiji wa 1979. Sibishi. Ila mita 60 kutoka wapi? Ukingo wetu hautulii, kila masika unamegeka, na wachimba mchanga wanauongezea kasi. Kuna nyumba niliichimbia msingi zamani, kati yake na mto watoto walikuwa wanacheza mpira. Leo dirisha la jikoni linachungulia maji, na nyumba haijasogea hata inchi. (Na hapohapo Jangwani tulipokatazwa sisi, tuliona karakana ya mabasi ya mwendokasi ikisimama, kisha tukayaona mabasi yamekaa majini. Basi tu.)

Waliokuwa ndani ya mpaka wa mradi wa Bonde la Msimbazi wamelipwa na nyumba zimevunjwa. Sisi tulio hatua chache nje ya mpaka tumebaki, na nyumba inayokaliwa haikosi ufa. Nilipokwenda ofisi moja kumwombea mteja kibali cha ukarabati, kijana aliyenipokea akaniuliza, "Hapo hapatakiwi nyumba, sasa mzee unakarabati nini?" Nikamshukuru, nikaondoka. Kazi tukaifanya Jumamosi na Jumapili, kama zinavyofanyika zote huku, siku ambazo mkaguzi yuko kwake. Hakuna aliyeuliza kifusi kinakwenda wapi. Hakuna aliyetazama shimo la choo, ambalo mimi ndilo linalonitisha kuliko maji yenyewe. Mto ukipanda linafurika hata kama mwenyewe hakutaka, na wapo wanaoingojea mvua watapishe choo makusudi, uchafu uende na maji. Yale maji watoto wanayarukia wakicheka.

Ninachoomba kwa manispaa ni kanuni ya ukarabati, ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Aje mtu na brashi apige mstari ukutani, maji yalipofika 2011. Kwenye nyumba nyingi alama yake bado ipo, ukikwangua rangi unaiona. Chini ya mstari huo soketi isiwekwe, na mdomo wa choo ujengewe upite juu yake. Anayeinua sakafu aruhusiwe, lakini kifusi kiishie ndani ya msingi wake, kichochoro kibaki kama kilivyo. Ukuta wa uzio unaokatiza njia ya maji uachiwe matundu chini, hata kama mwenye nyumba anaogopa panya. Na mkaguzi apite Jumamosi. Wakisema kufanya hivyo ni kutuhalalisha, waandike juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba kanuni hii si hati ya kiwanja. Hakuna atakayegombana nao kwa hilo. Tunataka kujua tofali liwekwe wapi.

Nina haraka kidogo ya jibu. Wiki iliyopita yule mzee wa nyuma aliniita kwake. Kashanunua mchanga, umemwagwa mbele ya mlango. Nyuma yake kuna nyumba mbili, moja ya dada yangu. Anataka kozi tatu.

Fundi mwashi,
Kigogo, Dar es Salaam