Kabla hujailaumu luku, tuipime friza

“Mwanangu, hii luku inakunywa umeme. Njoo uibadilishe.” Mama mmoja wa Shangani alitupigia simu hivyo. Luku hatuigusi, si kazi yetu. Tulichompelekea ni plagi janja: kidude kinachokaa kati ya soketi na kifaa, kikapima umeme unaopita na kukuonyesha kwenye simu.

Tukaichomeka kwenye friza yake ya barafu za kuuza. Baada ya siku mbili, mchoro kwenye simu ulikuwa mstari ulionyooka, hauna bonde. Friza yenye afya hunguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Yake ilikuwa hainyamazi usiku kucha. Mpira wa mlango ulishakakamaa, na joto letu hili la Mtwara lilikuwa linajipitia humo bila hodi.

Piga hesabu. Friza ya wati 150 ikifanya kazi saa 24 bila kupumzika hula uniti 3.6 kwa siku, yaani 108 kwa siku 30. Ikipumzika nusu ya muda, zinabaki 54. Kwa mteja wa kawaida anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti, kodi zikiwemo, hapo zimepotea zaidi ya shilingi 19,000. Na kama uko kwenye ile tarifu nafuu yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, friza ya namna hiyo peke yake inakuvusha mpaka. Mpira mpya ulimgharimu pungufu ya bei ya plagi yetu. Plagi tukarudi nayo, pamoja na barafu za ukwaju.

Kwenye kiyoyozi, hapo teknolojia yenyewe ndiyo inayookoa. Wengi hulala nacho mpaka asubuhi, shuka limefika shingoni. Rimoti janja inakizima saa tisa usiku wewe ukiwa usingizini, pangaboi likaendelea. Kiyoyozi kidogo, kompresa ikiwa kazini, hula karibu uniti moja kwa saa. Pangaboi halifikii hata sehemu ya kumi ya hiyo. Ila usikichomeke kwenye plagi janja ya ampea 10. Mkondo wa kuwakia unaweza kuiunguza.

Taa janja za rangi tunaziuza, zinapendeza sebuleni, lakini usizinunue kwa ajili ya luku. Balbu ya LED ya wati 9 tayari inakula kidogo, na ile ya janja huendelea kunyonya umeme hata ikiwa imezima, inasubiri amri ya simu.

Jambo moja mafundi wengi hulisahau: umeme ukikatika ukarudi, plagi ya pasi ipangwe ibaki imezima, ya friza iwake yenyewe.

Huduma yetu iko hivi: tunakuachia plagi tatu kwa siku saba, kisha tunakaa barazani na wewe tunasoma namba pamoja. Walio Mikindani watuambie siku moja kabla, maana vifaa tunakuja navyo kwa bodaboda.